Kabla Hujawaamulia Ugomvi

Keti, mwanangu. Chai ipo. Umeingia hata viatu hujavua, unaniambia tetea wako wapya wanapigwa, na kwamba yule koo mweusi ana roho mbaya, umuuze kesho. Una haraka kama baba yako.

Koo mweusi hana roho mbaya. Kuna swali pale bandani halijajibiwa: nani ampishe nani? Kuku hawawezi kuishi pamoja bila kulijibu. Wakishalijibu, damu haimwagiki tena. Mkubwa anainua shingo tu, mdogo anasogea. Ukiona ugomvi hauishi, tafuta nani anawavuruga. Mara nyingi ni mwenye kuku.

Mimi niliwavuruga sana. Nilikuwa na koo mmoja kishingo, mkali, hakuna aliyegusa pumba kabla yake. Na nilikuwa na kidimu, yule wa manyoya ya kujikunja, mdogo, mnyonge, akinyeshewa unamhurumia. Nikaona nimtetee. Nikamchukua kishingo nikamfunika tengani upande wa pili wa nyumba, ajifunze adabu. Nikamwacha huko kama wiki mbili.

Adabu gani, mwanangu! Nilipomrudisha, wenzake walimpokea kama mgeni. Alipigana na mmoja mmoja, kuanzia mwanzo. Undu ukachanika, na kuku wakishaona damu hawaachi, wanadonoa palepale penye jeraha. Na kidimu wangu? Siku zote zile alikuwa anapigwa na kuku mwingine aliyekalia nafasi iliyoachwa wazi. Sikumsaidia chochote. Kumbe dawa ilikuwa chombo cha pili cha chakula, kiwe mbali na cha kwanza. Mkubwa hawezi kulinda viwili kwa wakati mmoja. Hilo tu. Nimelijua nikiwa na wajukuu.

Mjomba wako mwalimu alinisimulia habari za Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwatazama kuku wa nyumbani akiwa mtoto. Alijua kila mmoja kwa sura, akaandika nani anamdonoa nani. Mwaka 1922 kazi yake ilichapishwa, na wataalamu wa wanyama wanaizungumzia mpaka leo. Lakini lililonifurahisha mimi ni hili: aliona kwamba safu hainyooki kila mara. Huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa wa tatu, na wa tatu anarudi kumdonoa wa kwanza. Nikacheka. Hata kwangu walikuwepo watatu wa namna hiyo, nami nilidhani macho yangu ndiyo yamezeeka.

Sasa jogoo. Hapo nisikilize vizuri, maana nyinyi vijana mnachagua jogoo kwa kifua. Nami nilichagua hivyo. Nilikuwa na jogoo mpole. Akiokota kumbikumbi alimwangusha chini, akaita kwa ule mlio wa haraka haraka, majike wakaja kula. Yeye alikula mwisho. Nikamwona hafai, nikamchinja Idi, nikabaki na kuchi mmoja mrefu, mzuri wa kutazama. Yule kuchi alikula kwanza, akazunguka uani akijitazama. Ndipo nikakumbuka sauti za yule mpole. Mwewe akipita juu, alitoa mlio mmoja mrefu, mwembamba, na uani pote kuku wakajificha. Mbwa au kicheche akija, alipiga kelele za kukatakata, na wote wakasimama wima kutazama. Milio miwili, hatari mbili, nao walijua tofauti. Vifaranga vilivyochukuliwa na mwewe mwaka ule sitaki kuvihesabu. Sisemi kila kuchi yuko hivyo. Nasema mtazame jogoo wakati wa kula kabla hujashika kisu.

Na usiwawekee kuku tabia moja milele. Yule kidimu mnyonge alipolalia mayai, siku zile 21, aliinuka kidogo tu kula na kunywa, manyoya yamemsimama, anaguna. Vifaranga vilipototolewa, alimkimbiza kishingo mpaka chini ya mchungwa! Kishingo huyohuyo. Baadaye, vifaranga vilipokua, akaanza kuvidonoa na kuvifukuza. Mdogo wako alilia, akasema mama huyu mbaya. Hapana. Alikuwa anakaribia kutaga tena.

Tuje kwa tetea wako. Uliwaingiza mchana, moja kwa moja kutoka sokoni, sivyo? Watoe leo. Wakae pembeni kwanza, usije ukaleta kideri kwa wote. Wenye afya wapewe chanjo ya matone ya jicho, na usisahau kuirudia kila miezi mitatu. Kisha weka wavu kati yao na wenyeji, waonane bila kufikiana. Wakizoeana, waingize usiku, uwapandishe juu ya fito wenzao wakiwa wamelala. Asubuhi watadonoana, ndiyo. Waache. Ila damu ikitoka, mtoe aliyeumia, msafishe, akipona mrudishe upesi, asigeuke mgeni. Na ukinunua tena, usinunue mmoja peke yake. Mmoja anabeba midomo ya banda zima.

Mnyonge na mgonjwa wanafanana kwa mbali, wote wanasimama pembeni. Wafukuze wale wengine, kisha mwage mtama. Mnyonge atakimbilia kula. Mgonjwa ataangalia tu.

Halafu majina. Umeniambia umeshawapa wote majina, mpaka majogoo. Ungesubiri, mwanangu. Sikukuu iliyopita nilikwenda sokoni kununua kuku wa kuchinja, na uani majogoo wamejaa, kwa sababu kila mmoja wajukuu walimjua kwa jina. Muuzaji aliniuliza kama nimeacha kufuga.