Deni la Mwenye Kuonya

Msomaji, fikiri kwamba ni mwezi wa Mei, masika yamepamba moto, nawe wakaa na wazee wako Galu, upande wa bara wa barabara itokayo Diani, mahali palipo na bonde dogo. Asubuhi hiyo jua lawaka. Mzee wa mtaa apiga hodi, na baada ya salamu amwambia baba yako: “Mwenzangu, ramani yaonyesha kwamba kesho kutwa maji yatafika mlangoni hapa. Chifu ataka muondoke leo.” Baba yako atazama mbinguni, haoni wingu. Ana mbuzi watatu, magunia mawili ya mahindi, na mama mkongwe asiyeweza kutembea. Je, aondoke? Na ikiwa ataondoka, kisha maji yasije, ni nani mwenye kumlipa hasara yake?

Ramani hizo si ndoto. Wataalamu hupima mvua iliyokwisha kunyesha na kukadiria itakayonyesha; setilaiti hueleza ardhi ilivyoinuka na ilivyobonyea; kompyuta hufanya hesabu ya njia ya maji, na mahali pa hatari pakatiwa rangi. Faida yake yaonekana wazi Vanga, karibu na mpaka. Mto Umba huanza katika milima ya Usambara, nchini Tanzania, ukaja kuingia baharini karibu na mji huo. Mvua ya kuwagharikisha watu wa Vanga yaweza kunyesha katika nchi nyingine, nao wakiwa wameanika nguo juani. Jicho halifiki huko, ramani yafika.

Galu mambo ni mengine. Hapana mto mkubwa. Mukurumudzi washuka kutoka milima ya Shimba na kuingia baharini Gazi, kusini zaidi. Maji yasumbuayo ni ya mvua iliyokosa pa kupita, ikasimama mabondeni. Ramani iliyotengenezwa kwa ajili ya mito mikubwa yaweza kulipita bonde kama lile bila kuliona, na hapo bibi aliyekaa kijijini miaka 60 ajua zaidi ya kompyuta. Afadhali aulizwe kabla rangi hazijatiwa.

Basi utabiri ni kadirio, wala si yakini. Kwa sababu hiyo mwenye kuonya hujaribiwa kuikuza hatari ili atiiwe, au kuipunguza ili watu wasifadhaike. Mwaka 2023 watu wa Kenya walikuwa wameonywa kwamba mvua za El Niño zaja. Mwezi wa Oktoba Rais William Ruto akawaambia kwamba mvua hazingefikia kiasi cha kuleta maangamizi. Kabla mwaka haujaisha, mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100 nchini. Sisemi kwamba alikusudia kudanganya. Lakini yamkini mtu aliyekuwa amekwisha kufunga virago, alipolisikia neno lile alivifungua.

Anayekataa kuhama huitwa mjinga. Mimi sikubali upesi hivyo. Mwenye gari na ndugu Mombasa ahama kwa saa moja, na nyumba yake ina mlinzi. Kwa baba yako mbuzi ndio benki, na mlango wake ni wa makuti. Amri ni moja, gharama si moja.

Mwaka 1970 kimbunga kiliipiga nchi ambayo leo ni Bangladesh, kikaua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Mwaka 2007 kimbunga Sidr, nacho kikali sana, kiliua watu elfu kadhaa. Ni msiba mkubwa bado, lakini tazama tofauti. Katikati ya miaka hiyo utabiri uliendelea, ni kweli; tena watu wa kujitolea wa vijiji vile vile walifundishwa kupita nyumba kwa nyumba, majengo ya kukimbilia yakajengwa, hata vilima vya udongo vikainuliwa kwa ajili ya mifugo. Waliofanya hivyo walitambua kwamba mkulima hamwachi ng'ombe wake kwa ajili ya rangi iliyo kwenye karatasi.

Naona, basi, kwamba anayemwamuru mwenzake aondoke awiwa naye mambo: amweleze hatari pamoja na shaka iliyomo, amwonyeshe pa kulala, na ailinde mali inayobaki. Akiyatimiza hayo, na baba yako akataa bado? Nafsi yake yaweza kuwa yake. Bibi asiyeweza kutembea hakuulizwa, wala wewe hukuulizwa, na kwa ajili yenu naona ni halali mzee wa mtaa arudi na machela, hata baba akikasirika.

Na kesho kutwa ikifika, jua likiwaka vile vile? Mzee wa mtaa atatamani kupita njia nyingine asionane nanyi. Na apite mlangoni penu, aseme hesabu ilikosea wapi, kisha ashike pembe moja ya gunia mkirudisha mahindi ndani. Vuli haiko mbali, naye atabisha hodi tena.