Barua ya Mtaa na Miezi ya Rumande

Mtu akikamatwa Mwembesongo, hapa Morogoro mjini, ndugu zake hawaanzi kwa wakili. Wanaanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Wanataka barua yenye mhuri inayosema kwamba fulani ni mkazi wa hapa, anafahamika, na hawa wanaojitokeza kumdhamini wanafahamika pia. Kisha huanza pilikapilika za nakala za vitambulisho na picha ndogo, na kutafuta watu walio tayari kufunga biashara zao wakashinde kwenye benchi la mahakama. Wengi tunayaona hayo kuwa usumbufu wa makaratasi. Mimi naona humo heshima kubwa tuliyobaki nayo: jirani anaweka jina lake na fedha zake kwa ajili ya mwenzake, ingawa hajui kama kosa alilitenda au hakulitenda. Anachojua ni kwamba siku ya kesi atafika.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Haki hizi ziliingia katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Kwa hiyo mdhamini anayepanda daladala na barua yake mfukoni haendi kuomba hisani.

Taabu huanza kwa asiyefahamika. Fikiria kijana aliyeshuka juzi kutoka Matombo au Mgeta kutafuta riziki mjini, akapanga chumba, na mwenyekiti hamjui hata kwa sura. Si kwamba hana watu. Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba akipata habari atateremka mlima siku hiyohiyo. Lakini shamba la kule juu ni la ukoo, na mara nyingi halina hati. Mahakama ikidai hati ya mali isiyohamishika, ukoo wenye mteremko mzima wa migomba hauwezi kumtoa mtoto wake mmoja. Jirani yake wa selo, mwenye tuhuma nzito kuliko yake, atatoka kwa sababu baba yake ana nyumba iliyopimwa. Hapo kinachomweka ndani ni umaskini, na umaskini haumo katika orodha ya makosa ya jinai.

Mkoa wetu una magereza mengi yenye mashamba: Kingolwira, Mkono wa Mara, Mtego wa Simba, Wami. Mfungwa aliyehukumiwa kifungo cha miaka anajua siku yake ya kutoka, na akiwa na tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Mahabusu hana tarehe. Anapandishwa kwenye karandinga, anasimama mbele ya hakimu, anasikia kwamba upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Wiki mbili baadaye ni vilevile. Watoto wake wanaacha kuulizia. Hatimaye akionekana hana hatia, anaambiwa aende zake, na miezi ile hakuna anayemrudishia. Imetokea pia kwamba mtu harudi kabisa: mwaka 2002, huko Mbarali mkoani Mbeya, watu 17 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya mahabusu iliyojaa kupita kiasi.

Kwa makosa fulani, hata jirani akija na barua kumi hasikilizwi. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba iliyozoeleka, kilifunga mlango wa dhamana kwa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengineyo. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, na miongoni mwa mashtaka yake likawemo hilo la utakatishaji fedha. Mama yake mzazi alifariki dunia siku ya mwisho ya mwaka ule, na mwanawe hakupata ruhusa ya kwenda kumuaga. Alitoka Februari 2020 baada ya makubaliano na upande wa mashtaka. Sijui tunalinda nini tunapomzuia mtu ambaye bado hajahukumiwa asimzike mama yake.

Mei 2020, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na katazo likabaki.

Nawaelewa wanaolitetea. Aliyevamiwa usiku kwa mapanga ana haki ya kuogopa kukutana na mtuhumiwa sokoni kesho yake. Ila hofu hiyo ipelekwe mbele ya hakimu. Hakimu anaweza kumsikiliza aliyeumizwa, akampima mshtakiwa, akakataa dhamana kwa sababu alizoziandika. Sheria inayokataa kabla hakimu hajafungua kinywa haimpimi mtu yeyote. Inatazama jina la kosa tu, na jina hilo hupangwa na anayeshtaki.

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikakabidhi ripoti Julai mwaka huohuo. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwaondolea wakuu wa mikoa na wilaya mamlaka ya kuamuru watu wakamatwe, na kuwa na chombo cha taifa cha upelelezi kinachojitegemea. Hilo la pili ndilo ninalolitamani zaidi, maana upelelezi ukitangulia na kukamata kukafuata, sehemu kubwa ya safari za karandinga itakosa abiria.

Hayo ni ya Bunge na Serikali, na yatachukua muda. Kesi ndogo hazihitaji kungoja. Sheria tayari inamruhusu hakimu kumwachia mshtakiwa ajidhamini mwenyewe, kwa kusaini tu. Na sisi wa mtaani tunaweza kuanza na ofisi zetu: barua ya dhamana iandikwe siku hiyohiyo, pasipo kudai hela ya soda, hata kwa mpangaji aliyehamia mwezi uliopita.