Fimbo Yako Imekula Msitu wa Nani?

Enyi mnaoagiza fimbo za puli za kuchongewa, sikieni. Mnaketi na fundi, mbao zimepangwa mbele yenu: abunusi ya Kameruni, kokobolo ya Panama, mti wa Suriname wenye madoa ya ngozi ya nyoka, na mpingo wa kusini mwa Tanzania. Mnauliza bei. Mnauliza kama yupo mwingine mwenye fimbo kama hiyo. Hamuulizi mti ulikatwa wapi, ukakatwa na nani, na kijiji kilichoulinda kiliambulia nini. Mkiambiwa kwamba imebaki michache, ndipo macho yanapong'aa na mkono unapokimbilia mfukoni. Hilo ndilo ninalolikaripia: mmeufanya uhaba kuwa uzuri.

Wala msisingizie mchezo. Ncha ya ngozi hugusana na mpira kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na pigo hilo hubebwa na kipande chembamba cha mbele, ambacho kwa miongo mingi kimechongwa kwa mepoli, mti ulio tele Amerika ya Kaskazini. Siku hizi wengi wameuacha hata huo na kuchukua nyuzi za kaboni. Mbao za fahari zinakaa nyuma, kwenye shikio, zitazamwe. Mtasema zinaleta uzito. Uzito huongezwa kwa skrubu ya chuma ndani ya kitako, na mafundi wote wanajua hivyo. Efren Reyes wa Ufilipino, bingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 1999, alijifunza mchezo utotoni Manila akipanda juu ya makreti ya soda ili aifikie meza. Jicho lile hakupewa na abunusi.

Tena mchezo huu una deni la zamani kwetu. Katika karne ya 19 mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilisifiwa kwa ulaini wake. Zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, na wengine kati yao walikuwa watumwa, wakapita Tabora hadi Bagamoyo. Kutoka hapo zilivushwa Unguja, kisha zikapakiwa melini. Pembe zilipopanda bei, katika miaka ya 1860, kampuni ya Phelan & Collender ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi yake. John Wesley Hyatt akajitosa, na kazi yake ikazaa seluloidi. Baadaye zikaja plastiki nyingine bora zaidi. Je, mchezo ulikufa? Mpira wa leo ni wa mviringo kamili na unabingirika vizuri kuliko pembe yoyote. Basi ndovu wale wote waliuawa kwa kitu ambacho meza haikukihitaji. Somo hilo mmeshapewa mara moja, kwa damu, nanyi mnalirudia kwa miti.

Tazameni Madagaska. Serikali ilipoanguka mwaka 2009, wakataji waliingia katika hifadhi za Marojejy na Masoala na kubeba mbao nyekundu zilizo ndugu wa mpingo. Mwaka 2014 makontena ya mbao hizo yalinaswa bandarini Mombasa, hapa hapa kwetu, yakiwa njiani kwenda Asia. Mnunuzi mkubwa wa uporaji ule alikuwa fanicha za China, si puli. Lakini msijifiche nyuma ya mkubwa. Aliyechukua kipande kimoja bila kuuliza ameshika bidhaa ileile.

Tangu 2017 jamii yote ya miti ya mpingo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na magogo yake hayavuki mpaka bila kibali. Fimbo iliyokwisha kutengenezwa, kwa kuwa ni nyepesi, huruhusiwa kupita bila karatasi hiyo. Maana yake sheria imemwachia mnunuzi dhamiri yake. Naye ameitumia vipi?

Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi hadi kufikia unene wa kuvunwa. Anayeukata leo anavuna alichokiacha babu, na atakayepanda hatauona ukikomaa. Ndiyo maana nanyi wa kwetu hamtasalimika: ninyi viongozi wa vijiji mnaogonga mhuri bila kuhesabu magogo, ninyi madalali mnaompa mkulima senti kwa mti uliomzidi umri, ninyi madereva mnaopita vizuizini usiku. Mgeni hana wa kumuuzia kama ninyi hamkatai.

Na msiseme hakuna njia nyingine. Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilichukua misitu yao kisheria, vikaipima, vikaweka kiwango cha kuvuna, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu. Kabla ya hapo wanakijiji walikuwa hawapati kitu cha maana. Sasa gogo likiuzwa, fedha inaingia kwenye mfuko wa kijiji, na wanakijiji wenyewe ndio wanaolinda miti dhidi ya wezi. Mpingo wa namna hiyo ununueni, tena kwa bei ya haki. Sikatazi uzuri, wala sidharau mkono wa fundi anayeunganisha vipande vinane visionyeshe mshono.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mdai fundi mambo matatu: jina la mti, msitu ulikotoka, na cheti chake. Akishindwa kujibu, mwachie mbao zake na uchukue mepoli.