Ncha na Uzito: Hukumu ya Mshale katika Fikihi ya Uwindaji

Fikihi ya Kiislamu, yaani elimu ya hukumu zinazomhusu mja katika ibada na maisha yake, haikuridhika kumwambia mwindaji ataje jina la Mwenyezi Mungu kisha aachie mshale. Imemuuliza pia mshale huo umeingiaje mwilini mwa mnyama, kwa ncha au kwa ubavu, na ni nini hasa kilichomuua. Swali hilo, ambalo kwa juu juu linaonekana kuwa la mafundi wa pinde, limebeba jambo zito zaidi: je, uhalali wa tendo hukaa katika nia ya mtendaji na neno alilolitamka tu, au hukaa pia katika kifaa alichokishika mkononi? Makala haya yanashikilia kwamba mambo hayo hayatenganiki, na kwamba unene na uzito wa mshale ni sehemu ya uadilifu wa mwindaji.

Msingi wa hukumu ni aya ya 3 ya Sura ya Al-Maida, ambayo, pamoja na kibudu, damu na nyama ya nguruwe, inaharamisha mauqudha, yaani mnyama aliyekufa kwa kipigo. Hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim inaeleza kwamba Adiy bin Hatim, sahaba wa kabila la Tayy, alimuuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) juu ya windo la mi'radhi, naye akajibiwa kwamba kilichochomwa kwa ncha yake kiliwe, na kilichouawa kwa ubavu wake kiachwe, kwa kuwa hicho kimekufa kwa kipigo. Wako wanazuoni walioieleza mi'radhi kuwa ni mshale usio na manyoya, mwembamba kwenye ncha zote mbili na mnene katikati, na wako walioieleza kuwa ni fimbo nzito yenye chuma nchani. Kwa vyovyote vile, unene na uzito vimo ndani ya swali tangu mwanzo, na ndipo wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki na kupanda bara, wakatofautisha kuua kwa makali, ambako huhalalisha, na kuua kwa uzito, ambako huharamisha.

Hapa pana fumbo, kwa sababu elimu ya fizikia inafundisha kwamba uzito ndio unaouzamisha mshale. Uchukuliwe mfano wa upinde unaoupa mshale nishati ya jouli 54: mshale wa gramu 30 utaondoka kwa mwendo wa mita 60 kwa sekunde, na ule wa gramu 60, ukipewa nishati hiyohiyo, utaondoka kwa mita 42 hivi tu. Hata hivyo msukumo, ambao ni zao la tungamo na mwendo, utakuwa mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 41 katika mshale mzito, na kwa kuwa ukinzani wa nyama na ngozi huongezeka kadiri kitu kinavyokwenda kasi, mshale mzito unaokwenda polepole hupoteza msukumo wake taratibu na kuzama zaidi. Unene nao hufanya kazi kinyume, kwa maana uti wa milimita 10 hudai tundu ambalo eneo lake linazidi lile la uti wa milimita 8 kwa zaidi ya nusu, na pande zake husuguana na nyama kwa upana mkubwa zaidi. Ed Ashby, aliyefanya uchunguzi wa mishale kwa wanyama wa Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, alisisitiza mambo hayohayo: uti uwe mwembamba kuliko shingo ya kigumba, na mshale uwe na uzito wa kutosha kuupita mfupa, ambao aliukadiria kuwa gramu 42 hivi.

Fumbo hilo hufumbuka mtu anapolitazama jeraha lenyewe. Penye pigo la rungu, ngozi hubaki nzima na damu huvilia chini yake, ikiganda ndani ya nyama iliyopondeka. Penye kigumba kikali, mishipa hukatika na damu huchuruzika nje, mnyama akaishiwa nguvu kwa muda mfupi. Katika hali ya kwanza uzito wenyewe ndio muuaji, na katika hali ya pili uzito uko nyuma ya makali, ukiyasukuma yafanye kazi ambayo kisu hufanya kooni. Sheria haiuchukii uzito. Inachokataa ni uzito kushika nafasi ya makali.

Kanuni hii ilijaribiwa ilipokuja baruti. Neno bunduki lina asili ya Kiarabu, na vitabu vya kale vya fikihi vilipotaja bunduqi vilikusudia kitonge cha udongo kilichorushwa kwa ndege na wanyama wadogo, ambacho windo lake liliharamishwa kwa kuwa kitonge huponda, hakichomi. Silaha ya moto iliporithi jina hilo, wapo walioivisha hukumu ileile, lakini mwanazuoni wa Yemeni, Muhammad al-Shawkani, aliyefariki mwaka 1834, alishikilia kwamba risasi hupenya mwili, na kwa hiyo windo lake ni halali. Mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, jina la Mzinga linafundisha somo la aina hiyo: neno moja hubeba gogo la nyuki na silaha nzito ya vita, na ndilo jina la shirika la jeshi linalotengeneza risasi hapo. Risasi ya milimita 7.62 yenye gramu 8 hivi, nyepesi kuliko mshale, hutoka kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde na kuchoma kile ambacho kitonge kingekiponda tu. Anayehukumu kwa jina atakosea, na anayehukumu kwa illa, yaani sababu iliyoizaa hukumu, atalazimika kujua kifaa kinafanyaje kazi.

Suala la sumu ni gumu zaidi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wenye miiko yao kuhusu nyama ya epeme inayoliwa na wanaume waliostahili tu, hupaka vigumba vyao vya wanyama wakubwa sumu ya mdagu, ambao ni mti wa waridi la jangwani, na Waata wa Kenya waliwinda tembo kwa mishale ya sumu iliyorushwa na pinde ambazo kuvutwa kwake kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45, kwa kuwa hata sumu huhitaji kufikishwa ndani. Watu hao hawafungwi na fikihi, lakini kwa Mwislamu hukumu ya Shafi ni kwamba mnyama ambaye sumu imechangia kifo chake haliwi, isipokuwa akiwahiwa yu hai na kuchinjwa. Hoja yake ndiyo inayomkataza mwindaji kula windo alilolikuta limezama majini: sababu inayohalalisha na inayoharamisha zikichanganyika, shaka huegemea upande wa kuharamisha.

Kutokana na hayo yote, Bismillahi ya mwindaji haiwezi kuziba pengo la mshale mbovu. Hadithi ya Shaddad bin Aus katika Sahihi Muslim inaamuru ihsani, yaani kulitenda jambo kwa ukamilifu, hata katika kuchinja, na inamtaka mchinjaji anoe kisu chake na kumpunguzia mnyama mateso. Kwa mwindaji, ambaye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka pia awe na leseni, amri hiyo hurejea nyuma hadi barazani anapoketi akiupima uti, akiupunguza unene na kukijaribu kigumba kwa kidole. Anayejua kwamba mshale wake hautapenya, kisha akauachia kwa kutegemea nia yake njema, amekwisha kuchagua kumtesa mnyama kabla hajafungua kinywa kutaja jina la Mola wake.