Maneno ya Mitaani, Je, Ni Dhambi?

Wazee wengi hulalamika ya kuwa vijana wameiharibu lugha kwa misimu, yaani maneno ya mitaani. Wengine hata huwaambia watoto kuwa ni dhambi. Yafaa tupime jambo hili kwa haki, tusije tukamwadhibu mtoto kwa kosa asilolitenda.

Misimu haizaliwi kwa namna moja. Mingine huzaliwa na haja tu. Mjini Nairobi magari ya abiria yaliitwa matatu kwa ajili ya nauli yake ya zamani, senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10. Dar es Salaam, katika miaka ya 1980, shilingi 5 iliitwa dala, na gari likapata jina la daladala. Leo hata mwalimu huyaandika maneno hayo ubaoni, wala haoni haya.

Mingine huzaliwa na mchezo. Tangu zamani watu wa pwani walisema kinyume, silabi ya mwisho ikitangulizwa mbele, ili mgeni asielewe. Edward Steere, aliyekuwa askofu baadaye, alitaja habari zake katika kitabu chake cha mwaka 1870.

Lakini iko namna ya tatu, nayo ndiyo ya kuogopwa. Mtu atakaye rushwa hasemi, "Nipe rushwa", husema, "Nipe chai," au "kitu kidogo." Tuseme mjane amekwenda kuulizia habari za shamba lake, akaambiwa alete chai. Kama angaliambiwa rushwa, angalitambua mara moja kwamba anaibiwa, naye mwombaji angalijisikia mwenyewe akaona haya. Neno laini limewafumba macho wote wawili.

Nasi tusemao Kiswahili sanifu tusijisifu. Takrima ni neno safi, limo katika kamusi. Walakini katika Tanzania sheria ya mwaka 2000 iliwaruhusu wagombea kuwapa wapiga kura takrima, hata Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Basi ubaya haukai katika upya wa neno, bali katika kusudi la kulisema.

Kwa hiyo, mtoto akileta neno jipya nyumbani, msimpige, mwulizeni, "Neno hili laonyesha kitu, au lakificha?" Kisha tujiulize sisi wenyewe swali lilo hilo. Bwana wetu alitaka neno letu litoshe pasipo kiapo. Nalo litatoshaje, ikiwa tumelipa ovu jina la wema?