VIPIMO NI SAFI, LAKINI MGONJWA ANAUMWA!



Leo nasema na wewe unayeuguza: nesi wa zahanati, mama mwenye mgonjwa ndani, mzee wa kanisa unayeitwa usiku kuombea. Mgonjwa wako moyo unamwenda mbio, tumbo linamsokota, vidole vinakufa ganzi. Amepimwa damu, amepigwa picha, majibu yanatoka: hakuna kitu. Basi watu wanaanza. Huyu anasema, "Anajifanya." Yule anasema, "Hilo ni pepo." NGOJA KWANZA!

Hajifanyi. Moyo wenye huzuni na mwili vinakaa nyumba moja. Mmoja akilia, mwenzake halali. Mtu akiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni kwenye damu, moyo unakimbia, misuli inakaza. Akihema haraka haraka, hewa ya kaboni inapungua kwenye damu yake, vidole vinachomachoma. Hayo ni maumivu ya KWELI, ijapokuwa mzizi wake ni msiba, deni, au kipigo cha nyumbani.

Pale Kashasha, karibu na Bukoba, tarehe 30 Januari 1962, wasichana wa shule ya bweni walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Damu ilipimwa, sumu ikatafutwa kwenye chakula, haikuonekana. Je, wale watoto ungewachapa viboko wanyamaze? Viboko havitibu hofu!

SOMA 1 WAFALME 19. Eliya, mtu wa moto, alikimbia jangwani akaomba afe. Malaika alimfanyia nini? Alimkemea? HAPANA! Alimgusa. Akampa mkate na maji. Akamwacha alale tena, kisha akamrudia mara ya pili na chakula. Ndipo Mungu akamwuliza habari zake, na Eliya akaeleza yale yale mara mbili, wala hakuambiwa, "Umeshasema hayo." Mwisho akapewa kazi, na Elisha wa kumfuata. Huo ndio uuguzi, ndugu yangu!

NAWE FANYA HIVI:

1. Apimwe kwanza, tena vizuri. Na ikija dalili mpya, apimwe upya. Usiseme, "Ni mawazo yake tu." Hata mwenye mawazo anaugua malaria.

2. Mwambie, "Naamini unaumia." Neno hilo dogo linashusha mzigo mkubwa.

3. Mwulize faraghani: maumivu yalianza lini, na siku zile nyumbani kulitokea nini? Halafu nyamaza, usikilize. Akilia, mwache alie.

4. Mtembelee kwa saa mliyopatana, hata siku ambayo haumwi. Asione kwamba ni lazima augue ndipo apate mtu wa kumsikiliza.

5. Akihema mbio, kaa naye, mhemee polepole akufuatishe. Mpe chakula, alale, kisha mpe kakazi kadogo, kama kuchambua mchele.

6. Akisema anataka kufa, USIMWACHE PEKE YAKE. Ondoa kamba, sumu na visu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na kama ni mke anayepigwa, usimrudishe kwa mwenye fimbo ukasema umemwombea. Mtafutie mahali salama.

Omba, ndiyo, omba sana! Lakini usimwambie mtu atupe vidonge vyake ili kuonyesha imani. Mungu aliyesikia kilio cha Eliya ndiye aliyemtumia mkate.

Jirani yako mmoja usiku huu anashika kifua, na kila mtu amechoka naye. Nenda kwake. Sema sala hii njiani: Bwana Yesu, nipe masikio ya kusikia, mikono ya kuuguza, na subira ya kurudi tena kesho. AMINA.