Mwendo wa Nyoka: Ni Ufundi au ni Ulaghai?

Vijana wa parokia zetu hapa Lubumbashi wametuuliza swali juu ya michezo ya video, nasi hatukutaka kulidharau. Wako wazee watakaosema: mchezo ni mchezo tu, gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Lakini mtoto huanza kujifunza haki mapema, kabla hajajua mahakama ni nini. Hujifunza penye mpira wa matambara, na siku hizi penye kioo cha televisheni, katika vile vyumba vya Katuba na vya Kenya (Kenya yetu hii, si ile ya Nairobi) ambamo kijana hutoa franka chache apate kushika mchezo kwa dakika kidogo. Hapo husikia neno "umeniibia" kwa mara ya kwanza. Tena hapo hujifunza kulitumia vibaya.

Swali lenyewe ni hili. Mtu akigundua njia ya kwenda mbio katika mashindano ya magari ya video, njia ambayo mchezo haukuizuia, lakini wenzake hawaijui, wala haionekani kwamba mtengenezaji aliikusudia, je, ashindapo kwa njia hiyo ameshinda kwa haki?

Tuchukue kisa kilichotokea kweli. Mwaka 2005 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo uitwao Mario Kart DS. Ulichezwa kwa chombo kidogo cha mkononi, na kwa mara ya kwanza katika ukoo huo wa michezo watu wanne waliokaa nchi mbalimbali waliweza kushindana kwa intaneti. Mchezo huo ulimpa dereva zawadi penye kona. Akiserereka vizuri huku akibonyeza kushoto na kulia kwa kidole gumba, magurudumu hutoa cheche za buluu, kisha nyekundu. Akiachilia, gari husukumwa mbele kwa nguvu kwa kitambo kidogo. Basi, wachezaji hodari waliona kwamba yawezekana kuserereka hata katika barabara iliyonyoka: kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila kupumzika, na kila mara msukumo ukaja. Gari lilikwenda likijipinda kama nyoka majanini, na kwa sababu hiyo mwendo huo ukapewa jina la nyoka. Si kazi rahisi. Kidole gumba kinauma. Lakini aliyeujua alimwacha mbali sana asiyeujua. Ukazuka ugomvi mkubwa. Hawa walisema ni ufundi, wale wakasema ni ulaghai, na wengi walipoona mpinzani ameanza kujipinda walikata mawasiliano wakatoka kabla ya mwisho.

Twaanza na neno ulaghai, maana latumiwa ovyo. Sisi wa Lubumbashi tuna mfano ulio karibu, ingawa waumiza. Mwaka 2011 TP Mazembe, waliokuwa mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, waliondolewa katika kombe la mabingwa baada ya Simba ya Dar es Salaam kulalamika kwamba mchezaji mmoja hakuwa na haki ya kuchezeshwa. Wako watakaobishana mpaka leo kama hukumu ile ilikuwa kali mno, nasi hatutaki kuwaamua hapa. Lakini swali lilikuwa wazi: pana sheria iliyoandikwa, je, imefuatwa au haikufuatwa? Mwendo wa nyoka haukuwa jambo la namna hiyo. Dereva hakuingiza programu ya kigeni ndani ya chombo chake ili gari lipate nguvu isiyo yake. Wako waliofanya hivyo, na juu yao hakuna la kubishania. Huyu alibonyeza vitufe vile vile walivyopewa wote.

"Lakini mtengenezaji hakukusudia hivyo." Hoja hii ina uzito. Sheria ina maneno, tena ina nia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba yako mambo ambayo mtunga sheria hakuyaona mbele, na kwamba kushika maneno peke yake mahali pa namna hiyo kwaweza kuharibu jema lile lile alilolitafuta. Ni kweli. Ila ni nani atakayetuambia nia yake? Kila aliyeshindwa ana nia ya mtunga sheria mfukoni mwake.

Wapenzi wa mpira watatuelewa upesi. Zamani beki aliyebanwa alimrudishia kipa wake mpira, kipa akaudaka kwa mikono, muda ukapita. Watu walizomea, wala hawakukosea kuzomea. Mwezi wa Juni 1992 Denmark walitwaa kombe la mataifa ya Ulaya, nao walimrudishia mpira kipa wao Schmeichel mara nyingi. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa: kipa asidake kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kombe la Denmark halikuchukuliwa, ni lao hata leo. Nintendo nao walifanya vivyo hivyo. Katika Mario Kart Wii ya mwaka 2008 walibadilisha jinsi ya kupata msukumo, hata kujipinda katika barabara iliyonyoka hakukuwa na faida tena. Mwenye mchezo alisema nia yake, akaisema kwa mashindano yatakayokuja. Yaliyopita aliyaacha jinsi yalivyokuwa.

Wanaoutetea mwendo huo wasema: njia ni wazi kwa wote, anayetaka na ajifunze. Twalikubali neno hilo, lakini polepole. Hapa kwetu umeme hukatika, na mtoto wa nyumba yenye jenereta hujizoeza usiku wakati mwenziwe amelala gizani, akingoja dakika zake za kununua. Hata hivyo tusiite kila tofauti kuwa dhuluma. Anayejizoeza zaidi huimba vizuri zaidi katika kwaya, wala hatusemi ameiba sauti. Wivu hupenda sana kuvaa nguo za haki.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yetu, uko katika kulijua jambo ambalo mwenzako halijui. Swali hili ni la zamani sana. Cicero, Mrumi, aliandika juu ya mfanyabiashara aliyefika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye ana nafaka, tena ajua kwamba merikebu nyingine nyingi zenye nafaka zi njiani. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Tuuhamishe mfano kwetu: lori la unga wa mahindi limefika kutoka Kasumbalesa, soko ni tupu, na mwenye lori ameona kwa macho yake mlolongo wa malori mengine yakivuka mpaka. Cicero aliona kwamba yapasa aseme. Mtakatifu Tomaso, alipolirudia swali hilo, alijibu kwa uangalifu zaidi: akiuza kwa bei aliyoikuta, haonekani kuvunja haki, lakini akisema, au akipunguza bei, wema wake ni mkubwa kupita deni lake.

Nasi twalishika jibu hili. Mwenye mwendo wa nyoka akishinda, ushindi ni wake, na anayemwita mwizi amsingizia. Lakini tumwulize anacheza na nani. Mwalimu yule yule afundisha kwamba roho yahitaji pumziko kama mwili, na kwamba kucheza vema ni fadhila. Kijana anayewaalika wadogo zake au rafiki asiyejua kitu, akawaacha kila mara nusu ya njia, hakuwanyang'anya haki yao, amewanyima mchezo. Na awaambie kabla ya kuanza, awaonyeshe cheche zile zinavyotoka, au siku hiyo aende kwa mwendo wao.

Fedha ikiingia, mambo yabadilika kabisa. Yuko anayefika katika chumba cha michezo akijifanya mjinga. Ashindwa mara mbili kwa fedha kidogo, acheka, aomba iongezwe. Ikiisha kuongezwa, kidole gumba chapata akili ghafula. Huyu amesema uongo kwa matendo, hata asipofungua kinywa. Fedha hiyo ina mwenyewe, nayo yapasa kurudishwa. Vijana watukasirikie wakitaka.

Na wale waliokata mawasiliano? Twawaona wenye kosa la wazi zaidi katika ugomvi wote ule, nao ndio waliopaza sauti kudai haki. Anayeanza mashindano amewapa wenziwe neno kwamba atafika mwisho. Kumwona mwenzako ana ufundi usioupenda hakukufungui neno hilo. Maliza wa nne, kisha kesho usicheze naye.

Labda utauliza: nitamwonyaje mtu nisiyemjua, aliye nchi nyingine, nisiyeweza kusema naye? Katika mashindano ya intaneti ya mchezo ule, mbio za watu wasiojuana zilikuwa bila maongezi. Aliyeingia humo alijua atakutana na yeyote, dhaifu au hodari, basi hatuoni kwamba hodari alipaswa kujizuia. Na aliyechoka kushindwa hakukosa njia. Kila mmoja alikuwa na namba ya tarakimu 12, na waliobadilishana namba hizo waliweza kushindana wao kwa wao, kwa masharti waliyopatana, mpaka Nintendo walipoifunga huduma ile tarehe 20 Mei 2014. Mwaka huo huo ulitoka Mario Kart 8, na wachezaji wakagundua humo namna ya kurukaruka kushoto na kulia ili msukumo usiishe upesi. Katika toleo la mwaka 2017 njia hiyo nayo iliondolewa.